Jiwe Lililomkaa Mashoto Mkononi

Fundi viatu wa kibaraza cha makumbusho alikuwa mwanamke, na mtaa mzima ulimwita Mashoto. Alishona kwa mkono wa kushoto, akagonga misumari kwa kushoto, akapaka gundi kwa kushoto, na mteja aliyeleta kiatu chenye matope alitishiwa nyundo kwa mkono huohuo. Jina alilipata darasa la pili, mwaka ambao mwalimu alimfunga mkono wa kushoto kwa utepe wa sketi ili ajifunze kuandika kwa ule wa kulia. Alijifunza kidogo, akalia sana, na alipofika darasa la nne akaiaga shule, akaenda kukaa na shangazi yake aliyekuwa akishona viatu. Shangazi hakuuliza habari za mkono. Alichotaka yeye ni uzi usikatike.

Shida ilikuwa vifaa. Mikasi ilimchubua dole gumba. Kisu cha kukatia soli kilikuwa kimenolewa upande usio wake, kwa hiyo kila alipokata ilibidi apinde kiwiko kama kuku anayejikuna. Miaka thelathini alifanya kazi kwa vifaa vya watu wengine, na mwenyewe alisema ni kama kutembea maisha yako yote na kiatu cha kulia kwenye mguu wa kushoto: utafika, lakini usiulizwe umefikaje.

Alikuwa na mtoto mmoja, binti, na wasiwasi wa watoto kumi. Binti akikohoa mara mbili, Mashoto alishatafuta khanga ya kwenda nayo hospitali. Binti akichelewa dakika tano, alishawauliza watu watatu kama wamemwona. Ndiyo maana binti alipopata kazi kwenye makumbusho, Mashoto alihamisha kibanda chake kutoka karibu na soko, akaja kuomba nafasi pale kibarazani, chini ya dirisha. Alisema pale pana kivuli. Binti alimtazama, akatikisa kichwa.

"Mama, kivuli kiko kila mahali."

"Cha hapa ni kizuri zaidi," alijibu Mashoto, akaweka kigoda chake mahali ambapo, akinyoosha shingo kidogo tu, aliona meza ya mwanawe yote.

Makumbusho yenyewe yalikuwa vyumba viwili vya iliyokuwa posta. Kulikuwa na makabati ya vioo manne, feni moja iliyozunguka ikipenda, na mtunzaji mmoja mnene, mpole, aliyeitwa Mzee Funguo kwa sababu alitembea na funguo ishirini na mbili kiunoni ingawa milango ilikuwa mitatu. Zile nyingine, alisema, ni za milango itakayojengwa.

Kazi ya binti ilikuwa ya majaribio, miezi mitatu. Mwezi wa tatu ulikuwa unamalizika Alhamisi, na Alhamisi hiyohiyo angerudi mtaalamu wa mambo ya kale kutoka makao makuu. Huyo ndiye aliyeacha jiwe.

Jiwe lilitoka ardhini wakati wa kuchimba mtaro wa mabomba ya maji, chini sana, kwenye udongo wenye majivu na vipande vya mifupa. Mtaalamu alikuja, akapima udongo, akasema majivu yale yana zaidi ya miaka elfu moja na jiwe lilikuwa ndani yake. Kisha akamkabidhi binti.

"Lichore," alimwambia, "halafu niandikie mistari mitatu. Unadhani lilikuwa la kazi gani, na kwa nini unadhani hivyo. Nikirudi tutajua kama makumbusho haya yamepata mtu wa kazi au yamepata mtu wa kufungua mlango."

Mashoto aliyasikia maneno hayo kupitia dirishani, na tangu siku hiyo chakula kilimshinda.

Kwa kulitazama, jiwe halikuwa na la ajabu. Lilikuwa la kijivu, bapa, ukubwa wa mche wa sabuni uliotumika wiki moja. Ukingo wake mmoja mrefu ulikuwa wa mviringo na unang'aa, kama umepakwa mafuta. Kwenye uso wake mmoja palikuwa na kishimo kifupi, na upande wa pili mkwaruzo mpana uliopinda. Hayo tu. Lakini kila aliyepita kibarazani alikuwa na jibu.

Mzee Funguo alisema ni jiwe la mizani. Muuza magazeti alisema ni sabuni ya kale iliyoganda. Mteja mmoja, aliyekuwa akisubiri kandambili zake, alisema ni la kuzuia mlango, na alipoulizwa kishimo ni cha nini akasema ni cha mlango wenyewe kukaa. Wote walilichukua kwa mkono wa kulia, wakaligeuza, wakalipima uzito, wakalirudisha mezani wakiwa na uhakika kuliko walipolichukua.

Binti aliamua ni la kusagia dawa. Kishimo kilimfanya afikirie hivyo.

"Kishimo hiki?" aliuliza Mashoto. "Dawa itakayoingia humo haimtoshi hata panzi."

"Labda walikuwa wanaumwa kidogo kidogo, Mama."

"Na wewe utamwandikia mtaalamu hivyo? Walikuwa wanaumwa kidogo kidogo?"

Binti alicheka, lakini kicheko kiliishia njiani. Yeye mwenyewe hakuridhika na jibu lake. Alichojivunia ni mchoro. Siku nne alikaa kwenye benchi la kibarazani, kwa kuwa ndani kulikuwa na giza, akachora jiwe pande zake zote sita, mstari kwa mstari, na kila mahali palipong'aa akapatia vidoa vidogo kama mchanga. Jumatano alimaliza. Mzee Funguo akaupiga mhuri na kuutia tarehe, kwa sababu aliupenda mhuri na hakuwa na vitu vingi vya kuupigia.

Siku zote hizo Mashoto hakuligusa jiwe. Alikuwa amekatazwa. "Hata kwa macho, Mama, liguse taratibu," binti alimwambia.

Alhamisi asubuhi Mzee Funguo alitoka akiwa ameshika suruali kwa mkono mmoja na mkanda kwa mkono mwingine. Mkanda ulikuwa mpya, wa ngozi ngumu, mrefu kupita kiasi.

"Fundi, niokoe. Mgeni anakuja na mkanda huu unanizunguka mara moja na robo."

"Nikukatie upande gani?"

"Wowote, mradi suruali isinitangulie."

Mashoto aliukata upande wa chuma cha kufungia. Hapo ngozi hukunjwa mara mbili ili ishike chuma, na ngozi nene haikubali kukunjwa mpaka upande wake wa ndani upunguzwe na kulainishwa. Alipunguza kwa kisu. Kulainisha alizoea kutumia kipande cha kioo cha chupa, amekifunga kitambaa asijikate, na hukiweka chini upande wake wa kushoto.

Binti alikuwa kwenye benchi, vilevile upande wa kushoto wa mama yake, jiwe likiwa juu ya kitambaa, akijaribu kuandika upya mistari yake mitatu. Simu ikalia ndani.

"Mtaalamu yuko njiani!" Mzee Funguo aliita. "Njoo haraka tupange makabati!"

Binti alisimama. "Mama, niangalizie jiwe."

"Naliangalia."

Na kweli alikusudia. Lakini kupitia dirishani alimwona Mzee Funguo akizungumza na binti huku akirusha mkono hewani. Maneno hayakusikika. Anamgombeza? Kwa nini anarusha mkono mmoja tu, amekasirika nusu? Mashoto akanyoosha shingo. Aliona binti anainamisha kichwa. Mkono wake, ambao haujawahi kungoja ruhusa ya kichwa, ulishuka upande wa kushoto, ukapapasa, ukaokota, ukaanza kazi.

Aliendelea kutazama dirishani. Mzee Funguo akarusha tena mkono. Aa, kumbe mkono mwingine umeshika suruali. Na binti ameinama kwa sababu anafuta vumbi kwenye kabati la chini. Mashoto akashusha pumzi. Mkono ukaendelea, mbele na nyuma, mbele na nyuma, na raha ya ajabu ikawa inampanda kutoka kiganjani mpaka begani. Leo kioo hakichomi. Leo kiwiko hakijapinda. Dole gumba limekaa mahali pake, kidole cha shahada kimepata pa kulala, na ngozi inalala chini ya mkono kama paka anayepapaswa. Alijiambia, leo mkono wangu umeamka vizuri.

Ndipo akatazama chini.

Kioo kilikuwa palepale sakafuni, kimefungwa kitambaa chake. Benchi lilikuwa na kitambaa cheupe, na juu ya kitambaa hapakuwa na kitu. Jiwe la miaka elfu moja lilikuwa mkononi mwake, na kwenye ukingo wake palikuwa na doa jeusi la rangi ya mkanda.

Alikaa hivyohivyo, mkono hewani, mdomo wazi, kama mtu anayepigwa picha. Kichwani alishaona mambo yote: binti anafukuzwa, binti anarudi nyumbani na boksi la vitu vyake, majirani wanauliza, na yeye anajibu nini? Kwamba alimwachisha mwanawe kazi kwa kupiga mswaki mkanda wa bosi wake?

Binti alipotoka alimkuta katika hali ile.

"Mama, umeshika nini?"

"Mwanangu, usinikaribie."

"Mama!"

"Sikujua. Nilikuwa nakuangalia wewe."

"Nilikwambia uangalie jiwe!"

"Sasa wewe na jiwe, nani amenizaa? Yaani, nani nimemzaa?" Mashoto akashika kitambaa, akakipaka mate. "Subiri, hili doa linatoka mara moja."

Binti alimdaka mkono. "Usifute! Ukifuta ndiyo tumekwisha. Liache lilivyo." Alikuwa amegeuka rangi, lakini sauti yake ilikuwa imara. "Nitamwambia ni mimi niliyeliacha nje. Na kweli ndivyo."

"Hutasema hivyo. Mkono uliosugua ni wangu."

"Mama, wewe huna kazi ya kupoteza hapa."

"Nina mtoto," alisema Mashoto.

Gari likasimama mbele ya kibaraza wakati huohuo. Mtaalamu alikuwa mama wa makamo, mwembamba, mwenye mkoba uliojaa na kiatu kimoja kilichofungwa kamba isiyo yake. Hata hajamaliza kupanda ngazi, Mashoto alishasimama mbele yake, jiwe limelala juu ya viganja vyote viwili kama anatoa zawadi.

"Shikamoo mgeni. Nimeliharibu mimi. Mtoto hana kosa. Aliniachia niliangalie, nikalisugulia mkanda."

Mtaalamu alisimama. Alitazama jiwe, akatazama doa, akatazama mkanda uliokuwa sakafuni. Ndani ya mlango Mzee Funguo naye alisimama, mikono yote miwili kiunoni kwa sababu za msingi.

"Umesugulia mkanda," mtaalamu alirudia polepole. "Kwa nini?"

"Nilidhani ni kioo changu."

"Kioo na jiwe havifanani."

"Kwa macho havifanani, mama. Lakini macho yalikuwa dirishani. Mkono ndio uliochukua, na mkono ulipolishika haukuona tofauti." Hapo Mashoto alisita, akajirekebisha, maana hakutaka kusema uongo juu ya kosa. "Hapana. Uliona. Ulikaa vizuri kuliko kwenye kioo."

Mtaalamu alivua miwani, akavaa nyingine. Mashoto akawa anahesabu funguo za Mzee Funguo zikigongana ndani ya mfuko wa suruali, zikiivuta chini kidogo kidogo.

"Nionyeshe ulivyolishika. Usisugue. Shika tu."

Mashoto akalishika. Dole gumba likaingia kwenye kishimo, likajaa. Kidole cha shahada kikalala kwenye mkwaruzo wa upande wa pili. Ukingo unaong'aa ukatazama chini, kwenye paja, pale ambapo ngozi huwekwa.

"Nipe," alisema mtaalamu. Alilichukua kwa mkono wa kulia, akatia dole gumba kishimoni. Ukingo unaong'aa ukageuka, ukatazama kiganja chake mwenyewe. Alilizungusha. Akajaribu tena. Akampa Mzee Funguo, ambaye alitoa mkono mmoja kwa hofu, akajaribu, ukingo ukamtazama yeye. Binti akajaribu. Hivyohivyo.

"Kwa mkono wa kulia halina maana," binti alisema, kama anajisemea. "Tumelishika kinyume sote. Kishimo si cha kutia kitu. Ni cha kidole."

"Na huo mng'ao?" mtaalamu aliuliza haraka. "Jiwe likisuguliwa kwenye ngozi muda mrefu, ukingo huviringika na kung'aa hivi. Lakini sasa nitajuaje huu ni wa miaka elfu na si wa leo asubuhi? Mama wa watu amelisugua kwenye mkanda. Nikienda kusema mbele ya wenzangu, swali la kwanza litakuwa hilo, na jibu sina."

Moyo wa Mashoto, uliokuwa umeanza kupanda ngazi, ukarudi chini kwa kuteleza.

Binti aliingia ndani, akatoka na karatasi, akaiweka juu ya benchi.

Pande sita za jiwe zilikuwa pale. Mtaalamu aliinama na kioo chake cha kukuzia. Alitazama karatasi, akatazama jiwe, karatasi, jiwe. Vidoa vidogo vya kalamu vilifuata ukingo kuanzia mwanzo mpaka mwisho, vikiwa vingi katikati, vikipungua pembeni. Vilikuwemo pia ndani ya kishimo, ambako mkanda haukufika. Na chini, mhuri wa Mzee Funguo, umepigwa mara mbili, na tarehe ya jana.

"Hivi vidoa ni nini?"

"Mahali panapong'aa," binti alijibu. "Sikujua kwa nini pang'ae. Nikaona nisichore ninachojua tu, nichore na ninachokiona."

Mtaalamu alinyanyuka, akacheka kicheko kifupi kilichomshangaza hata yeye.

"Mama," alimwambia Mashoto, "umenichafulia jiwe, na kusema kweli nilitaka kukasirika. Usirudie. Lakini mwaka mzima wataalamu wangekaa na jiwe hili kwenye mkono wa kulia wakibishana." Akamgeukia binti. "Na wewe, mistari yako mitatu iko wapi?"

"Nilikuwa nimeandika ni la kusagia dawa."

"Nimesikitika kusikia. Andika upya."

"Nikishaandika?"

"Jumatatu uje kazini kama kawaida. Barua itakufuata. Mtu anayechora asichokielewa bila kukirekebisha, mimi simwachii mtu mwingine."

Mashoto alikaa kwenye kigoda chake bila kuangalia kama kipo. Kilikuwepo. Alitaka kusema asante, ikatoka sauti kama ya kiatu kipya. Binti akamshika bega, na wote wawili wakacheka na kupangusa macho, kila mmoja akimwambia mwenzake kwamba ni vumbi.

"Kitu kimoja bado," alisema mtaalamu. "Nauhitaji huo mkanda. Nitalinganisha alama zake na za jiwe."

"Wote?" aliuliza Mzee Funguo.

"Wote."

"Na mimi?"

Mashoto alishapiga goti kwenye boksi lake. Alitoa kamba mbili za buti, akazisuka kwa haraka, akazipitisha kiunoni mwa Mzee Funguo na kuzifunga kwa fundo ambalo, alimwapia, lingemfikisha jioni. Mzee Funguo aliachia mikono yote miwili kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akainyoosha, akapiga saluti. Funguo zikavuta. Fundo likashika.

"Na wewe mama mtaalamu," Mashoto aliongeza, macho yake yakiwa chini kama kawaida yake, kwenye miguu ya watu, "hicho kiatu umekifunga kamba ya nini? Vua. Huondoki hapa hivyo."

Wakati anakishona, binti alikaa kando yake akiandika. Alifuta, akaandika, akafuta tena. Kisha akasoma kwa sauti: "Jiwe la kulainishia ngozi. Huenda lilitumiwa na mtu wa mkono wa kushoto."

"Huenda?" Mashoto alisimamisha sindano. "Huenda ya nini? Mimi si nimeshika?"

"Mama, hatuna hakika. Ni jiwe moja."

"Nina hakika. Dole gumba langu limeingia mahali pa dole gumba lake. Huyo alikuwa mashoto mwenzangu, na hakuna aliyemfunga mkono, maana alijichongea kifaa chake mwenyewe."

"Hilo siwezi kuandika."

"Andika kwa herufi ndogo."

"Mama."

"Basi, iache huenda yako," alisema Mashoto, akavuta uzi. Aliipenda ile karatasi hata hivyo. Ilipobandikwa kwenye kabati la kioo Jumatatu, aliingia ndani kuisoma, herufi baada ya herufi, akiwa ameshika mkono wa kushoto mgongoni asije akasahau akanyoosha.

Jioni ya siku hiyo alichukua jiwe la kawaida kutoka kwenye kokoto za mtaro, la kijivu na bapa, akaanza kulisugua kwenye ngazi ya makumbusho, upande wa dole gumba kwanza. Binti alitoka, akamwona, akashika kiuno.

"Mama, hilo litachukua miaka."

"Ninayo," alisema Mashoto, akanyoosha shingo kuona kama mwanawe amevaa sweta.